Sahani ya Askari wa Burma

Usinicheke kwanza. Mimi mwenyewe ni mbishi, mambo ya mizimu nilikuwa nawaachia walevi. Lakini hili limenikuta mwaka huu huu, Buigiri, mchana kweupe, na nina akili zangu timamu.

Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kumwona baba yake. Alikuwa bado tumboni Waingereza walipomtia baba huyo keya, lile jeshi lao la Waafrika, wakampeleka kupigana na Wajapani katika misitu ya Burma. Hakurudi. Mkewe alikataa katakata matanga: mtu asiye na kaburi utamliliaje? Badala yake akawa anamwekea chakula kila mchana. Alipofariki, Bibi akaendelea. Sisi wajukuu tulikuwa tunamtania kwamba babu huyo ana bahati, hakosi ugali na njaa zote hizi za Dodoma.

Siku hiyo nilitoka Kikuyu, pale Dodoma mjini, kumsalimia Bibi. Akaenda msibani Chamwino, akaniachia jiko. Nikasonga ugali wa uwele, nikapika mlenda, nikafunika sahani ya babu kama alivyoagiza. Mara nikasikia hodi. Kwa mazoea, "Karibu!" ikanitoka kabla sijageuka.

Alikuwa kijana, kaptula ya kijeshi, viatu vimejaa tope jeusi. Maji yalikuwa yanamdondoka mwili mzima. Hebu niambie, Buigiri mwezi wa tisa, mvua inatoka wapi?

"Mbukwa," akanisalimia kwa Kigogo. "Mwanangu hayupo?"

Mwiko ukaniponyoka. Akaitazama ile sahani, hakuigusa.

"Mwambie aache kuniwekea. Kila akifunika sahani, huko msituni naamka, naanza safari. Nikifika siwezi kula, narudi. Nimechoka. Anililie, nilale."

Bibi aliporudi nilimweleza yote huku nalia. Unadhani naye alilia? Aliniuliza, "Anafananaje?" Nikasema ana mwanya kama wako. Akacheka kama mtoto, akajishika meno.

Toka hapo anaweka sahani mchana na jioni. Nimemsihi, nimemletea hadi mchungaji. "Bibi, unamtesa."

"Mimi nimemngoja umri wangu wote," akanijibu. "Nikimwona mara moja tu, nitamlilia."

Na hapo ndipo ninapoumia. Kila nikienda namkuta ameketi mlangoni, kajifunga kanga mpya, anamsubiri. Naye baba yake kasimama mbele yake, maji yanamchuruzika, anamtazama. Mimi namwona. Bibi haoni kitu.

Amini usiamini, lakini nisikilize. Kama una wako aliyepotelea mbali, usimwekee chakula. Kaa chini umlilie, kaburi liwepo lisiwepo.

Juzi Bibi aliniuliza, "Hajaja bado?" Niliogopa kwamba nikisema yupo, hataacha kamwe. Nikamwambia bado. Yule kijana akanitazama kidogo, akageuka, akaanza kurudi Burma.