Dakika Nzima

Muuguzi wa zahanati yetu ya kambi ya jeshi, hapa Mbale, hahesabu mapigo ya moyo kwa robo dakika na kuzidisha mara nne kama sisi wenzake. Anakushika mkono, anaitazama saa aliyoibana kifuani, na anahesabu dakika nzima, kidole cha mkono wa pili kikigonga paja kwa kila pigo. Ukimsemesha, anaanza upya. Foleni ikinung'unika, anaanza upya kwa sauti.

Mwaka huu wa tisini na nane, daktari kutoka Jinja alikuja kutueleza kwamba ng'ambo wanatafiti namna ya kupandikiza jeni na chembe hai, ili moyo unaoruka mapigo urudie mwendo wake. Tulipiga makofi. Muuguzi hakupiga. Alikuwa ameushika mkono wa sajenti aliyesimama mlangoni akijifuta jasho.

"Sista, niache, mimi mzima."

"Tulia, afande."

Kwenye sekunde ya arobaini kidole kilisimama hewani, kikingoja pigo ambalo halikuja. Kisha la pili nalo likakosekana.

"Daktari," alisema bila kuuachia ule mkono, "hiyo dawa ikifika, huyu awe wa kwanza. Leo nataka kitanda."