Sikumfuta Mama Sifa

Kuna Alhamisi moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka akilini mpaka leo, mjukuu wangu, na jana uliponionyesha jinsi simu yako mpya inavyomwondoa mtu pichani kwa kumgusa tu kwa kidole, niliiona tena yote. Wewe ulicheka. Ulisema, "Shosho, cheki, ameenda!" Mimi sikucheka, nawe ukadhani nimekukasirikia. Sikukasirika. Vuta kiti ukae, kwa sababu umeniambia unataka kuishi kwa kazi ya picha kama nilivyoishi mimi, na kazi hii ina mambo ambayo simu haitakufundisha.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo. Studio yetu ilikuwa hapa hapa Dandora, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, benchi la wateja na kompyuta moja iliyovuma kama kinu cha unga. Mwenyewe alikuwa Mzee Kilonzo. Yeye alikulia katika enzi za filamu, za kusafisha picha gizani kwa dawa. Filamu zilipoanza kukosa wateja, alinunua kompyuta, akanipeleka nikajifunze kuitumia, kisha akaiogopa kama mtu anavyoogopa mbwa wa jirani. Aliweza kuiwasha, kufungua picha na kufuta faili, basi. Kazi yote ya kuhariri ilikuwa yangu.

Nami nilikuwa na taratibu zangu, mwanangu, na watu walizicheka. Picha ikitoka kwenye kamera sikuigusa. Niliiweka kwenye folda niliyoiita "asili," nikatoa nakala, na nakala hiyo ndiyo niliyoifanyia kazi. Wenzangu wa studio nyingine waliandika "picha mpya," kesho yake "picha mpya kabisa," na mwisho hawakujua ipi ni ipi. Mimi niliandika mwaka, mwezi, jina la familia na tukio. Kila mwisho wa mwezi nilinakili zote kwenye CD, nikaziweka katika mkebe wa biskuti juu ya kabati. Kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa imekufa umeme ulipokatika ghafla, ikafa na harusi za watu ndani yake. Niliona maharusi wakilia pale kwenye benchi. Sikutaka kuona tena.

Basi siku hiyo akaingia Shem. Kila mtu mtaani alimjua Shem. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha watu wa kwao Bungoma, kile kinachosaidiana mtu akifiwa, na kazi zote za picha za mazishi za chama hicho zililetwa kwetu. Safari hii aliyefariki alikuwa ndugu yake mdogo, Barasa, fundi wa kuchomelea vyuma huko Industrial Area. Nilimpa pole, na pole hiyo ilitoka moyoni, maana Barasa nilimjua. Pasaka iliyotangulia alikuja kwetu na Mama Sifa, mwanamke aliyekuwa akiishi naye miaka mingi, pamoja na mtoto wao Sifa. Nilipiga picha ile mwenyewe. Barasa ameketi, Sifa yuko mapajani, Mama Sifa amesimama nyuma yao na mkono wake uko begani mwa mumewe. Barasa ndiye aliyeuvuta mkono ule akauweka pale. Alisema, "Usiuondoe, nisije nikaanguka na kiti." Tulicheka sote mpaka ilibidi nisubiri ndipo nipige.

Shem alikuwa amebeba picha hiyo hiyo, ikiwa kwenye fremu. Alikuwa ameitoa ukutani nyumbani kwa marehemu.

"Tunataka hii iwe mbele ya kijitabu cha mazishi," alisema. "Lakini huyu mwanamke mumtoe. Abaki ndugu yangu na mtoto."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Nimtoe Mama Sifa?"

"Hakuwa mke. Hawakufunga harusi. Alikuwa mtu wa kukaa naye tu, na sasa aliyekuwa akikaa naye hayuko. Ile nyumba ni ya familia."

Sasa nikaelewa. Mama Sifa hakuwa na cheti cha ndoa. Alichokuwa nacho ni mtoto, majirani, na picha ile. Watu wengi wangesafiri kutoka nyumbani kuja kwenye ibada ya kumuaga, na wengine hawakuwahi kumwona. Wangeshika kijitabu kile, wangemwona Barasa na mtoto peke yao, na yeyote ambaye angesimama baadaye kusema alikuwa mke wake angeonekana mwongo.

Sikuwa na ujasiri mkubwa, usidhani. Mikono ilinitoka jasho. Kazi ile ndiyo iliyonilisha, na Shem alikuwa mtu mzima mwenye sauti nzito. Lakini nilimwangalia mwanamke yule ndani ya fremu, kisha maneno yakatoka yenyewe.

"Baba, picha nitaing'arisha. Koti nitalinyoosha. Lakini mtu simfuti."

Mzee Kilonzo alisimama upesi. "Wambui! Mteja ameomba kazi. Fanya kazi."

"Mzee, sifuti."

"Haya ni mambo ya kwetu," Shem aliniambia. "Wewe hayakuhusu."

"Picha nilipiga mimi. Alikuwepo. Siwezi kusema hakuwepo."

Shem alichukua fremu yake. Alisema kuna studio nyingine nyingi Dandora, na hapo alisema kweli. Kisha akamgeukia Mzee. "Na hiyo iliyo kwenye kompyuta muitoe. Sitaki kusikia iko mahali. Mkikataa, chama hakitakanyaga hapa tena."

Nilijiweka mbele ya kompyuta. Mzee Kilonzo alinisogeza kwa bega, taratibu, bila ukali, akafungua folda yangu iliyopangwa vizuri, na kwa kuwa ilipangwa vizuri hakutafuta sana. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo. Akalimwaga na pipa la taka la kompyuta. Shem akaondoka.

Kesho yake asubuhi Mama Sifa akaja. Alikuwa amevaa leso kichwani, macho yamevimba. Aliketi kwenye benchi na hakuniangalia.

"Wamechukua picha yangu ukutani," alisema. "Hata nguo zake wamechukua. Dada yangu, ulitupiga Pasaka. Unaweza kuwa nayo?"

Mzee alikuwa pale pale akifuta vumbi kwenye kamera. Nilimwangalia, naye akainamisha kichwa. Sikumwomba ruhusa. Nilipanda juu ya kiti, nikashusha mkebe wa biskuti, nikatafuta CD ya mwezi wa Pasaka, nikaiingiza. Kompyuta ilivuma, ikavuma. Kisha Barasa akatokea kwenye kioo, na Sifa, na Mama Sifa nyuma yao. Mama wa watu aliweka kiganja mdomoni.

Nilisikia droo ikifunguliwa. Mzee Kilonzo alikuwa akitoa karatasi kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo, zile za harusi za wakubwa. Aliweka moja kwenye mashine ya kuchapisha kwa mikono yake. "Chapisha hiyo," akaniambia. "Na usiguse kitu."

Ibada ilikuwa Jumamosi. Nilienda. Kanisa lilijaa mpaka nje. Mama Sifa na mtoto wake walikuwa wamewekwa benchi la nyuma kabisa, pamoja na watu wasiojuana na marehemu. Mama mzazi wa Barasa, bibi mkongwe aliyeletwa kutoka Bungoma, aliketi mbele karibu na jeneza. Vijitabu vikagawanywa.

Mwanangu, aliyefanya kazi ile alikuwa na haraka. Kichwa cha Mama Sifa alikiondoa, na mwili, na mahali pake akapaka maporomoko ya maji ya pazia letu, tena si vibaya. Lakini mkono ulikuwa umelala juu ya koti, na kulitengeneza koti upya bila mkono ni kazi ya subira. Aliuacha. Pale begani mwa Barasa kulikuwa na vidole vya mtu, vimetulia, havina mwenyewe.

Minong'ono ilianza nyuma ikasogea mbele. Bibi alikiinua kijitabu karibu na macho yake.

"Shem," aliita, kwa sauti iliyosikika kanisa zima. "Huu mkono ni wa nani?"

"Mama, ni makosa ya mashine."

"Mashine haina mkono." Alisimama, akajishikilia kwenye benchi. "Mimi huu mkono naujua. Nilipoletwa huku nikiwa mgonjwa, siwezi hata kugeuka kitandani, huu ndio ulioniosha. Huu ndio ulionilisha uji. Mwenye mkono yuko wapi?"

Ndipo Mama Sifa akasimama kule nyuma, ameshika picha yetu kubwa kifuani, akaanza kutembea. Watu walimpisha. Bibi alimwekea nafasi kando yake, karibu na jeneza, na picha ile kubwa ikaegemezwa mbele ambapo kila aliyepita kumuaga Barasa aliiona. Basi lilipoondoka kwenda Bungoma, Mama Sifa alikuwa kiti cha mbele na mtoto wake.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kilinyooka. Shem alijaribu tena habari ya nyumba, mara nyingi, na bibi alimkatalia mara zote hizo mpaka Shem mwenyewe akachoka. Sifa alilelewa katika nyumba ile, na sasa ni mwanamke mzima. Chama nacho, baada ya picha ile kubwa, hakikurudi kwetu. Tulikaa miezi mingi benchi likiwa tupu, na Mzee Kilonzo hakunilaumu hata siku moja. Siku moja tu, tukiwa tumekaa hatuna mteja, alisema, "Wambui, nifundishe kutengeneza hizo CD zako." Nikamfundisha.

Sasa nisikilize vizuri. Ya kwanza iliyotoka kwenye kamera usiiguse kamwe. Fanya kazi kwenye nakala. Kila unachobadilisha kiweke kwenye tabaka lake juu ya picha, ili kesho uweze kukiondoa na ukute picha iko salama chini yake. Nakala ziwe sehemu tofauti: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, na nyingine mtandaoni. Simu itaibiwa, mwanangu, hapa ni Nairobi. Andika majina ya watu ukiwa bado unayakumbuka, siku hiyo hiyo, maana uso usio na jina baada ya miaka ishirini ni mgeni hata kwa wajukuu wake. Futa zilizotikisika na za waliofumba macho, usijaze diski takataka. Lakini kabla ya kujibu mashine inapokuuliza kama una uhakika, toa mkono, vuta pumzi, angalia tena.

Uso je? Chunusi ya wiki hii itoe, itapona yenyewe hata hivyo. Kovu liache, hilo ni la mwenyewe. Ongeza mwanga, punguza kivuli, lakini ngozi nyeusi iache nyeusi. Atakuja mtu na kukuambia, "Nifanye mweupe kidogo." Mwambie utamtafutia mwanga mzuri, na kweli umtafutie, mpaka ajione na aridhike na alivyo. Asiporidhika, aende. Atakupata ukiwa pale pale.

Tena watakuja wakubwa zaidi ya Shem. Mimi nimeshaombwa kuondoa moshi wa jalala katika picha ya watoto wetu, eti unaharibu mandhari. Nimeombwa kutoa vibanda vya mtaa wa Majengo ili barabara ionekane safi. Nimeombwa kupunguza umati wa vibarua wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben waliosimama langoni mwa kiwanda. Kila mara nilisema lile neno nililomwambia Shem, na kila mara nilipoteza kitu, na ningelisema tena leo mchana. Kuna watu wengi wenye nguvu wangependa sisi tusionekane. Hawatapata mkono wangu uwasaidie, na wasipate wako. Kuna siku utaogopa, jasho litakutoka kama lilivyonitoka. Ogopa, lakini usibonyeze.

Haya, chukua simu yako. Mungu akupe macho yanayoona watu kabla ya kuona mandhari. Akupe subira ya mikono na ugumu wa shingo. Akulinde na wezi wa mitaani na wale wa ofisini. Kila utakayempiga picha katika mitaa hii asimame wima mbele yako, na watoto wa watoto wake wamkute pale pale alipokuwa. Nenda, mwanangu, na baraka zangu zote.