Njia Iliyopinda Kumpisha Mwamvita

Simu ya Latifu ilimkuta Maulidi dukani kwake Visiga, saa saba mchana, anamkatia mteja bomba la maji.

"Kaka Maulidi, mzee amepumzika."

"Mwache alale kidogo. Jua la leo kali."

Latifu alikuwa akifanya kazi na baba yake Maulidi, mzee Pazi, kwenye uwanja mpya wa gofu kule Kisarawe. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri mzee alijilaza kibandani, ndiyo maana Maulidi hakushtuka. Akaendelea na msumeno.

"Kaka," Latifu akasema taratibu, "amepumzika moja kwa moja."

Msumeno ukasimama katikati ya bomba. Maulidi akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akamwomba mteja radhi, akafunga duka.

Njia nzima ya kwenda Kisarawe alikuwa na jambo moja kifuani. Baba yake alimwusia mara nyingi, tena mbele ya watu: "Nikifa, nilazeni karibu na Mwamvita." Mwamvita, mama yake Maulidi, alizikwa miaka kumi na miwili nyuma kwenye makaburi ya kwao Kisarawe. Lakini sasa ardhi yote ya pale ilikuwa mali ya kampuni ya gofu, na makaburi yenyewe yalikuwa ndani ya uzio.

Mzee Pazi alizeekea kwenye gofu bila kuucheza mchezo wenyewe hata mara moja. Ujana wake aliutumia kwenye shamba la mkonge upande wa Mlandizi, ambako mabwana wenye shamba walikuwa na kiwanja cha mashimo tisa. Njia zake za kupigia mpira zilinyooka kama mistari ya mkonge. Penye kichuguu palisawazishwa, penye mti paling'olewa. Kulizunguka shimo hapakuwa na majani. Palikuwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu ya matrekta ili upepo usiupeperushe, nao wenyewe wakapaita brauni. Kazi ya Pazi ilikuwa kuburuta gunia juu ya ule mchanga kila wachezaji walipopita, afute nyayo, paachwe laini kama uji uliopoa.

Maulidi alikua akinusa ile oili kwenye mashati ya baba yake. Mwamvita aliyafua kwa majivu na sabuni ya mche, akinung'unika.

"Baba Maulidi, mimi nimeolewa na mtu au na gereji?"

"Umeolewa na brauni, mke wangu. Vumilia."

Shamba lilipokufa, kiwanja kikageuka mihogo, baadaye viwanja vya nyumba. Pazi akahamia Kisarawe kwa wakweze, akalima. Alipoletewa habari kwamba kampuni inajenga uwanja wa gofu palepale, alivaa shati lake jeupe akaenda kuomba kazi, na umri wake ule.

Alimkuta mchoraji wa uwanja, binti mmoja anayeitwa Juliana. Juliana alimchukua kwa kuwa mzee alijua maji ya mvua yanapita wapi. Wakawa wanatembea porini pamoja, mzee kabeba mambo za kupimia, vile vijiti vya kuchomeka ardhini.

"Mwanangu, hii njia yako imelewa?" Pazi alimwuliza. "Inakwenda kulia, inarudi kushoto. Sisi zamani tulinyoosha."

Juliana akacheka. "Zamani mliilazimisha ardhi, mzee. Siku hizi tunaifuata. Kilima kikiwepo, tunakiacha. Pori la pembeni nalo tunaliacha, lisinyweshwe maji."

"Na mahali pa kuanzia mbona pako patano? Sisi tulianzia pamoja, bwana na bibi."

"Kila mtu na nguvu zake. Mtoto anaanzia karibu, wewe ungeanzia karibu."

"Mimi? Nianzie nyuma kabisa na vijana."

Jioni mzee alimsimulia Maulidi yote hayo kwa simu: mabomba chini ya majani, changarawe chini ya mchanga, majani yasiyotaka maji mengi. Alishangaa, alisifia, lakini mwisho alirudi kulekule. "Brauni yetu ilikuwa haina makuu, mwanangu. Gunia tu."

Siku walipofika shimo la sita, mstari wa Juliana ulipita juu ya makaburi. Mzee aliweka mambo chini.

"Mbona umesimama, mzee?"

"Hapa kalala mke wangu."

Juliana alikunja karatasi yake, na kesho yake alirudi na mchoro mwingine. Njia ya sita ikapinda, makaburi yakabaki ndani ya pori la pembeni.

Hayo Maulidi aliyajua. Asilolijua ni kama kampuni iliyowaachia makaburi ya zamani ingekubali kaburi jipya.

Msibani alimkuta baba yake mdogo, Abdulwahab, ameshaamua. "Tumpeleke Visiga, tumzike kwa wenzetu. Maiti haisubiri barua."

"Baba mdogo, nipe mpaka alasiri. Ni wasia."

"Mungu anajua nia yake popote tutakapomlaza."

"Anajua. Na mimi acha nijue nimeuliza."

Wakaenda wote wawili kwa meneja wa uwanja, Bernard, wakamweleza wasia. Aliwapa pole, akawakalisha, akaufungua mchoro mezani. Akafuata mistari kwa kidole mpaka shimo la sita. Mstari wa kuzunguka makaburi ulikuwa mpana, na ubavuni mwa kaburi la Mwamvita palikuwa na maandishi madogo ya Juliana: nafasi ya mtu mmoja, ombi la mzee Pazi.

"Kumbe alishaomba," Bernard alisema. "Mimi nitampingaje? Mzikeni."

Abdulwahab alifuta macho kwa kanzu. "Huyu kaka yangu. Hata kufa kaweka mambo."

Walimzika kesho yake, saa nne asubuhi. Alioshwa na kukafiniwa nyumbani, akaswaliwa msikitini, kisha wanaume wakamchukua mabegani kwa kupokezana, wakipita pembezoni mwa njia ya sita. Bernard alikuwa amesimamisha mchezo. Maulidi, Abdulwahab na Latifu waliingia kaburini. Walimlaza ubavu wa kulia, uso kibla, wakafungua vifundo vya sanda. Mbao zikapangwa, mkeka ukatandikwa juu yake, kila mtu akatia konzi tatu za udongo, majembe yakafuata. Kaburi likamwagiwa maji. Sheikh akasoma talkini, wakaomba dua, wakaitikia amina. Watu wakampa Maulidi mkono mmoja mmoja, kisha wakarudi nyumbani kwenye hitima.