Mbuzi wa Sugar Land na Bunge la Kanada

Nimekula nyama nyingi maishani, lakini ile niliyokula Sugar Land, nyuma ya nyumba ya mtu aliyeniibia maandishi yangu, sijapata ya kuifikia. Iliungua kidogo na chumvi ilisahaulika. Nilirudia mara tatu.

Shule mimi niliacha kidato cha pili, ama tuseme yenyewe ndiyo iliniacha, mimi bado niko tayari. Naishi Euless, Texas, karibu na uwanja wa ndege wa Dallas. Ndege zinapita juu ya paa mpaka tumezoea kunyamaza katikati ya sentensi na kuendelea zikishapita. Kazi yangu ni ghala la mizigo: maboksi yanaingia, maboksi yanatoka, mgongo wangu uko hapo katikati.

Mambo ya Kanada yaliniingia kupitia dada yangu mkubwa, ambaye ni nesi Edmonton. Kila akipiga simu ni malalamiko: baridi, kodi ya kaboni, wanasiasa. Siku moja akaniambia nisikilize bunge lao. Nikaweka waya masikioni nikiwa kazini, nikasikia watu wazima wakizomeana, kila tusi linapitia kwa spika na linaanza na "mheshimiwa." Nikapenda papo hapo. Ilikuwa kama familia yetu tukigawana shamba, tofauti tu ni kwamba hawa wana mkalimani.

Basi nikafungua blogu. Siasa za Kanada, kwa Kiswahili, kutoka Texas, zikiandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kanada. Wasomaji walikuwa wachache, na wawili kati yao walikuwa mimi, mmoja kwa simu na mwingine kwa kompyuta. Niliandika vile ninavyoongea. Nikieleza jinsi serikali isiyo na wabunge wa kutosha inavyoishi kwa kuombaomba kura, naingiza na foleni ya kwenda kazini, na yule jamaa wa ghalani anayetafuna kitunguu kibichi kama tofaa, na safari zetu za kwenda Houston kwa harusi za watu tusiowajua vizuri.

Sasa, kuna Daktari. Daktari wa vitabu, si wa sindano. Ana nyumba Sugar Land, kando ya Houston, ana tai za kila rangi, na hakuna sherehe ya Wakenya kati ya Dallas na Houston ambayo hajashika maikrofoni. Siku moja dada akanitumia ujumbe mrefu uliokuwa ukizunguka kwenye magrupu, juu kabisa jina la Daktari. Chini yake dada ameandika: "Soma huyu msomi anavyoeleza Kanada. Jifunze."

Nikasoma. Kitunguu kilikuwa ndani. Foleni ilikuwa ndani. Hata mgongo wangu ulikuwa ndani, "mgongo huu unaoumwa na maboksi," na Daktari hajawahi kuinua kitu kizito kuliko maikrofoni. Watu walikuwa wanamsifu: tazameni unyenyekevu, mtu na elimu yake yote na bado anasaidia vibarua!

Nikampigia dada. "Hiyo ni yangu."

"Yako gani?"

"Niliiandika mimi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Wewe uliyemaliza shule kwa kuruka ukuta? Ndugu yangu, kuwa na wivu ni sawa, lakini chagua mtu wa saizi yako."

Huyo ndiye aliyenilea mama alipokuwa sokoni. Ningeibiwa gari ningelala. Lakini dada yangu anisome, acheke pale nilipotaka acheke, halafu ampigie makofi mtu mwingine? Hapana.

Nikatafuta namba ya Daktari. Alipokea kwa upole, akasikiliza, akasema, "Kijana, mawazo ni ya jamii. Usiyafanye ya mtu binafsi. Wewe endelea kupanga mizigo, na kazi ni kazi." Aliniita kijana, na mimi nina mvi mpaka puani.

Nilimchunguza kama askari. Nikiandika, siku hiyohiyo anachukua. Anabadilisha mistari miwili ya juu, anaweka jina, anasambaza. Hasomi mpaka chini. Na nani anasoma mpaka chini siku hizi? Isipokuwa Wakenya wakinusa kitu cha bure. Hapo tunasoma hata nukta.

Ikatokea habari ya mbunge wa Kanada aliyehama chama. Nikaandika vizuri kuliko siku zote. Kwetu, nikasema, mbunge akihama chama kiti kinabaki, yeye anarudi kwa wananchi kuomba upya. Kule anavuka tu ukumbi na kiti chake, anakaa upande wa pili, anakunja nne. Halafu chini kabisa, pale Daktari hafiki, maneno yakanitoka yenyewe:

"Na kwa vile siasa bila nyama ni kelele, nawakaribisha nyote nyumbani kwangu Jumamosi ya wikendi ndefu. Mbuzi wapo. Njooni na watoto na vyombo vya kubebea. Mwenye meno ale nyama, asiye na meno anywe supu, asiye na tumbo aje atuimbie."

Mke wangu akasoma, akatazama sebule yetu, akanitazama mimi. "Baba watoto, watakaa wapi? Kwenye friji?"

"Ngoja," nikamwambia.

Kufika jioni Daktari alikuwa ameshachukua. Mimi nikafuta ile aya kwangu, nikaoga, nikalala kama mtoto aliyeshiba.

Kesho yake magrupu yaliwaka. "Asante Daktari!" "Daktari, sisi tunatoka Dallas magari manne." "Daktari, mama mkwe yuko ziarani, naye aje?" Kanisani kwetu ikatangazwa pamoja na wagonjwa na waliojifungua. Hapo ndipo simu yangu ikalia.

"Kijana, umefanya nini?"

"Daktari, mawazo ni ya jamii."

"Hawa watu wanakuja kwangu!"

"Si ni rahisi? Waambie si wewe uliyeandika."

Mtu anaweza kufuta ujumbe, lakini mwaliko wa nyama akishausoma Mkenya haufutiki. Angesema wasije, angeonekana mchoyo. Angesema hakuandika, basi na ile ya kitunguu nani aliandika? Alikata simu. Ndipo nikajua atanunua mbuzi.

Jumamosi tukapakia watoto, tukashika barabara ya kwenda Houston. Katikati hapo hakuna kitu ila ng'ombe, misalaba ya makanisa, na mabango ya mawakili wa ajali wanaokutazama kama wanakuombea ugonge. Watoto waliuliza kwa Kiingereza chao kama ni harusi ama matanga. Nikawaambia ni vyote viwili.

Magari yalijaa mtaa mzima, wengine wameegesha hadi kona ya pili. Jirani Mzungu alitoka kuuliza kama kuna aliyefariki; akapewa ubavu, hakurudi kwake tena. Daktari alikuwa kwenye moshi, tai ameivua, aproni imeandikwa mambo ya furaha. Mkewe, mama wa watu, alitupokea kwa mikono miwili: "Karibu shemeji, jisikieni nyumbani." Huyo nilimwonea huruma. Daktari sikumwonea hata kidogo. Shemeji yake alishatumwa mtaa wa Alief mara mbili, kwenye bucha ya halali, kuongeza mbuzi.

Nikajisogeza na sahani. "Daktari, maini hakuna?"

Alinitazama. Kama macho yangekuwa kisu ningekuwa kwenye ile sinia.

Kuna mama mmoja mtu mzima, mpishi wa makao ya wazee, aliyekuwa amekaa karibu na moto. Akauliza kwa sauti, "Daktari, ile habari yako ya mbunge kuhama na kiti. Sasa wale waliompigia kura wanafanya nini?"

Watu wakageuka wasikie. Daktari akageuza nyama ambayo haikuhitaji kugeuzwa. "Mama, tule kwanza. Siasa baadaye."

Nami nikatafuna.

Wakati huo mke wangu alikuwa amepiga video na kumrushia dada Edmonton: umati, moshi, na vijana wakiimba "asiye na tumbo aje atuimbie." Simu ikalia hapohapo, uso wa dada ukajaa kioo.

"Hayo maneno wameyatoa wapi?"

"Yako kwenye mwaliko wa Daktari. Chini."

"Hayo ni maneno ya baba." Hakuwa anacheka. Baba alikuwa akisema hivyo kila Krismasi, amesimama mlangoni na kisu, akiita majirani. "Nipe huyo Daktari."

Nikampa simu kwa adabu, mikono miwili.

"Daktari, habari ya moto. Hiyo ya meno na supu ulifunzwa na nani?"

"Aa, dada, ni msemo wa wahenga."

"Mhenga huyo alikuwa fundi wa baiskeli, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia taa. Ulimjua?"

Yule mama mpishi aliacha kutafuna. Daktari alitazama simu, akatazama watu, akanirudishia simu, akanipa na koleo la kugeuzia nyama, akasema chini kwa chini, "Ongea na dada yako," akaingia ndani kutafuta chumvi. Hakutoka mpaka giza lilipoanza kuingia.

"Kumbe ni wewe," dada akasema.

"Na kitunguu pia."

"Mjinga wewe." Halafu akaongeza: "Ile ya kitunguu niliitafsiria wodi nzima."

Nikasimama pale na koleo, nikamjibu yule mama swali lake la wapiga kura. "Wanangoja, mama. Wanaweka hasira kwenye friza mpaka uchaguzi urudi."

Tulibeba vyombo viwili vya nyama. Daktari hajanakili tena, na tukikutana harusini anapita upande wa keki. Watu wa kanisa wananiambia nimsamehe. Kipande kimoja cha mbuzi wake bado kiko kwenye friza yetu, kimefungwa vizuri. Mke anasema kitupwe. Kila nikimaliza kuandika nafungua mlango, nakiangalia, nakifungia tena.