Glavu Iliyokataa Kuachia

Redempta alikuwa fundi cherehani wa Nakwa, na sare nyingi za shule za Babati zilipita mikononi mwake, mpaka kiharusi kilipoulegeza na kuutia ganzi mkono wake wa kulia. Akawa mtu wa kukaa kibarazani akimwangalia binti yake, Edda, akikata vitambaa, na kila mkato uliopinda ulimuuma.

Mwezi wa pili, Leonsi, fundi wa maabara katika chuo kimoja cha Arusha, alibisha hodi.

"Shikamoo, Mama Edda."

"Marahaba. Nani amekuelekeza hapa?"

"Mtaalamu wako wa mazoezi."

Alitoa glavu iliyopitishwa nyaya nyembamba kama uzi wa kudarizi. Nyaya hizo, alisema, zinakumbuka umbo lake la awali: zikipashwa joto na umeme wa betri zinafupika na kuvuta vidole, zikipoa zinalegea. Edda alipiga makofi. Redempta hata hakutabasamu. Wagonjwa wa Arusha wamekwisha? Na kwa nini kijana huyu anatabasamu hivi, na kitu chenyewe anasema ni cha bure?

"Nani aliivaa kabla yangu?"

"Tumeipima vizuri, mama."

"Sijauliza hivyo."

Leonsi alipapasa mkoba wake. "Mtu mmoja. Aliacha."

"Basi vaa wewe kwanza, nione."

Akavaa. Ilikuwa saa saba mchana, na bati la kibaraza lilikuwa linawaka. Edda akamletea chai kwenye kikombe cha bati. Leonsi alibonyeza kitufe, vidole vikafumba, kikombe kikashikwa barabara. Akabonyeza ili viachie. Havikuachia. Akachomoa betri; vidole vimekaza vilevile, na joto la chai likaanza kupenya glavu. Jasho likamtiririka. Edda akaleta ndoo ya maji, mkono ukatumbukizwa wote, ndipo nyaya zikalegea.

"Ndiyo maana yule aliacha," Redempta alisema.

"Ndiyo, mama. Uji ulimuunguza. Kupasha waya ni rahisi. Kuupoza ndiyo kazi, hasa mchana kama huu. Kifaa hakijui waya umefikia joto gani."

"Na hilo ulitaka ulijue kwa mkono wangu usiosikia moto?"

Leonsi aliivua ile glavu iliyolowa. Alipokuwa akifunga mkoba, Redempta akamwambia, "Ukirudi, njoo na huyo mtu."

Alirudi baada ya miezi minne, na Dominiko, mkulima wa Sigino mwenye kovu kiganjani. Kila waya sasa ulikuwa na kidude cha kupima joto, kinachopunguza umeme mapema, na nyuma ya vidole kulikuwa na nyaya nyingine za kuvifungua. Redempta alimsikiliza Leonsi mpaka mwisho, kisha akamvuta Dominiko pembeni.

"Amekupa nini useme uongo?"

"Nauli ya bodaboda tu, mama. Nimeivaa wiki tatu. Inaachia."

Redempta alilitazama lile kovu. Ndipo akanyoosha mkono avalishwe, mkono wa kushoto ukishikilia waya wa betri, tayari kuuchomoa. Akashika mkasi wake; ukafunguka, ukafunga, ukafunguka tena. Kitambaa cheupe kikaanza kukatika. Edda alitaka kumsaidia; akamkatalia kwa macho.

Shule zilipofunguliwa Julai alikuwa amekata kola za mashati thelathini, zote asubuhi, jua likiwa bado halijakolea. Mbili zilipinda. Akazikata upya.