Swichi Iliyowekwa Dairekti

Mimi si mtu wa kutulia. Nikiwa mdogo mama alikuwa akiniuliza kama nimekalia siafu. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo akinunua mashine inayomlazimisha kukaa.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Niliinunua kwa mkulima aliyekuwa akihama shamba lake nje ya mji wa Kitale. Mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia na kuendesha, ina usukani na magurudumu manne, na visu vyake viko chini ya tumbo, vimefunikwa na bakuli la chuma. Kule Matisi nilikokuwa nikiishi waliiita trekta ndogo, na mimi wakaniita bwana shamba, ingawa sikuwa na shamba hata la sukumawiki. Nilikuwa nikikata nyasi kwenye viwanja vya shule na makanisa. Kazi haikukosekana, kwa sababu mvua ya Trans-Nzoia haina mchezo.

Shida ilikuwa kiti. Chini yake kulikuwa na swichi. Ukikaa, uzito wako unaibonyeza na mashine inafanya kazi. Ukiinuka huku visu vinazunguka, kila kitu kinazima. Waliotengeneza walitaka mtu asishuke akapeleka mkono au mguu kwenye visu. Lakini mimi ni mwembamba, na viwanja vya kwetu vimejaa vichuguu vya fuko. Kila nikipita juu ya kichuguu narushwa kidogo, kiti kinapumua, mashine inazima. Nawasha. Hatua kumi, inazima tena. Walimu wananitazama dirishani wakicheka. Siku moja nilishuka nikaipiga teke, nikaumia mimi.

Fundi wangu alikuwa na kibanda cha mabati karibu na nyumba niliyopanga. Alilala chini ya ile mashine, akatoka na uso wa mtu aliyekwisha kupata jibu.

"Hii swichi inakusumbua bure, bana," aliniambia. "Si niweke tu dairekti?"

Kwa mafundi wetu neno hilo ni dawa ya kila ugonjwa. Pasi ikikataa kushika moto, inawekwa dairekti. Gari likikataa ufunguo, linawekwa dairekti. Maana yake ni kuunganisha nyaya mbili na kuiruka swichi kana kwamba haipo. Alimaliza kazi chai yangu ikiwa bado moto, na tangu siku hiyo mashine haikuzima tena, nirushwe namna gani. Nilifurahi sana, sitadanganya. Nilijua kwamba sasa ni juu yangu kusimamisha visu kwa liva, kile kishikio cha kuviwasha na kuvizima, kila ninaposhuka, na nilifanya hivyo karibu mwaka mzima bila kukosa. Mashine ilikuwa yangu na hakuna mwingine aliyeigusa.

Halafu ukweni wakaiomba.

Baba mkwe alikuwa karani wa serikali aliyestaafu, anaishi mbele kidogo ya soko la Myanga, upande wa Bungoma. Kitinda mimba wake alikuwa anaoa Jumamosi na uwanja wa nyumbani ulikuwa msitu. Alimtuma mke wangu aniulize kama mashine inaweza kufika. Nilivimba kichwa. Miaka tisa nilikuwa mkwe wa kawaida, wa sukari na blanketi, na sasa ningeingia pale na kitu ambacho hakuna mkwe mwingine aliyewahi kuleta. Alhamisi tuliipakia kwenye pikapu ya rafiki yangu, nikavaa shati la Jumapili.

Watu walijaa: shangazi, majirani, watoto wa majirani. Mama mkwe alikuwa mbali, mlangoni pa jikoni, kama ilivyo desturi. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawakaribiani, na maneno yao hupitia kwa mtu mwingine. Miaka yote hiyo sikuwahi kuambiwa neno naye moja kwa moja. "Mwambieni mkwe chakula kiko tayari." Basi. Nilipenda hivyo, na naamini naye alipenda.

Nilimwonyesha mzee usukani, breki na liva ya visu. Alisikiliza kikarani, akitikisa kichwa kila hatua. Kisha akavaa miwani. Huyu ni mtu anayesoma mpaka pakiti ya chumvi. Akainama kwenye stika iliyobandikwa kando ya kiti, akasoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Hapa wameandika kwamba mwendeshaji akiinuka, visu vinasimama," alisema. "Ni kweli?"

Ningesema nini? Nilijua la kusema, hilo ndilo linaloniuma. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na ukweni mtu hapeleki kitu chenye kasoro. Ningejibu kwamba ilikuwa kweli mpaka swichi iliporukwa, ingekuwa kama nimewaletea jogoo wa mguu mmoja.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Iko sawa."

Ijumaa asubuhi nilikuwa nimesharudi Matisi, mashine nimemwachia mzee akate mwenyewe, na sina kazi. Nilikaa, nikasimama, nikafagia uwanja uliokuwa umefagiliwa. Nikatoka hadi barabarani, nikarudi. Mwishoni nikapiga simu ya mzee. Ikapokelewa na mwanamke nisiyemjua.

"Mzee ameacha simu hapa sokoni ichajiwe," alisema. "Atakuja kuchukua jioni. Nimwambie nini?"

Kwao hakukuwa na stima. Nilishika simu nikisikia redio ya kibanda chake. Nimwambie nini? Kwamba mkwe wa fulani ni mwongo? Soko lote la Myanga lingejua kabla ya mchana.

"Mwambie nimemsalimia," nikasema, nikakata. Nilijichukia palepale.

Mke wangu alikuwa akichambua mchele. Aliniuliza mbona situlii, nikasema natulia. Akaniangalia tu. Basi nikamweleza, haraka haraka, swichi na fundi na stika na lile ndiyo langu. Nilitegemea anifokee. Hakufoka. Alisimamisha mikono juu ya ungo.

"Baba huamini kila anachosoma," alisema.

Sikubadilisha hata viatu. Kwenye matatu, Kitale hadi Bungoma, sikumbuki nilikaa karibu na nani. Nakumbuka mguu wangu ukikanyaga breki ambayo haikuwepo, na hasira juu ya kila abiria aliyeshuka na magunia. Nikafika Myanga, nikachukua bodaboda ya baiskeli, na njia ilipoteleza kwa matope nikamwachia mwenyewe baiskeli yake nikaenda kwa miguu, nikikimbia.

Niliisikia kabla ya kuiona. Mashine hiyo inapokata nyasi, sauti yake ni nzito. Isipokuwa na cha kukata, sauti inakuwa nyembamba, ya juu. Niliyoisikia ilikuwa nyembamba, tena ya mahali pamoja. Imesimama, visu vinazunguka, na bila shaka hakuna mtu kwenye kiti. Nikaongeza mbio.

Nilipoingia langoni nikaona kila kitu mara moja. Mzee alikuwa ameshuka, amesimama hatua chache pembeni, anapangusa miwani kwa shati. Mama mkwe alikuwa upande wa pili na karai. Alikuwa akikusanya nyasi za ndama, na nyasi mbichi zilikuwa zimejisokota kwenye mdomo wa lile bakuli la chuma, pale zinapotokea. Injini ilinguruma lakini hilo halikumtisha yeyote. Visu vimefichwa, havionekani. Mzee alikuwa amesoma kwamba akiinuka visu vinasimama, nami nilikuwa nimesema ndiyo.

Nilipiga kelele. Injini ikaimeza. Ndipo mama mkwe akainua macho akaniona, mkwe wake anamjia mbio, shati nje. Akafanya ambacho angefanya mama yeyote wa huko. Akanigeuzia mgongo kwa heshima, akainama upande wa mashine, na kwa kuwa mikono ilihitaji kazi, akaipeleka kwenye zile nyasi.

Nikamshika mkono, hapa juu ya kiganja, nikamvuta kwa nguvu. Karai likaanguka. Kwa mkono wangu mwingine nikaivuta liva. Chini ya bakuli kitu kizito kikazunguka, kikapungua, kikasimama. Kila mtu alikisikia kikisimama. Nikazima injini.

Shangazi mmoja alikuwa ameziba mdomo, na sikujua anaogopa visu au anaogopa nilichokishika. Nikagundua bado nimemshika. Nikamwachia.

Mzee alivaa miwani, akaja, akaangalia mdomo wa bakuli, akaniangalia. Alikuwa mtu mwema. Aliona aibu yangu akataka kuifunika.

"Kumbe swichi imeharibika leo," alisema. "Mashine ni mashine."

Alikuwa amenifungulia mlango, na nilitaka kupita, Mungu anajua. Leo. Neno dogo tu. Ningeitikia na tungekula na kesho harusi ingeendelea. Nikafungua mdomo.

"Mkwe."

Sikutambua sauti ile, kwa sababu haikuwahi kunielekea. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yangu akisugua mahali nilipomshika, na alikuwa ananitazama usoni.

"Jana ulipomwambia mzee ndiyo," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

Alitazama vidole vyake, kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu mayai. Kisha akaokota karai na kurudi jikoni. Mzee akaenda kutafuta mtu wa kufyeka nyasi zilizobaki kwa panga. Wengine wakatawanyika wawili wawili. Nikabaki pale uwanjani, mkwe wa miaka tisa, nikisubiri mtu aniambie kama nikae au niondoke, na hakuna aliyeniambia.