Ugonjwa Ambao Baba Aliukana

Bado nasikia kijiko cha dada yangu kikikwaruza sahani ya bati, kikisogeza posho, ugali wetu, huku na huku bila kufika mdomoni. Tulikaa nyumba za askari, mtaa wa Makindye, miaka ile ya utawala wa kijeshi. Baba, sajenti, alimkaripia kila mlo: "Watu wanapigania sukari dukani, wewe unakataa chakula? Malkia wa nchi gani wewe?" Majirani nao wakasema ni maringo. Maringo gani, na mifupa imetokeza hivyo!

Mimi dada aliniambia ukweli. Tangu mchumba wake alipochukuliwa na wanaume wa gari lisilo na namba, aliogopa kila kitu. "Mdogo wangu, tumbo langu tu ndilo linalonitii."

Mama alibembeleza mpaka baba akakubali tumpeleke kliniki. Nesi alieleza kwamba hofu inaweza kuuamsha ugonjwa huu, lakini wengine huzaliwa na mwili mwepesi kuupata, ndiyo maana huzunguka katika ukoo. "Afande, kwenu kuna mwingine aliyewahi kukataa kula hivi?"

"Hakuna," baba akasema. Nesi akaandika hivyo kwenye kadi.

Hakuna! Na shangazi, dada yake wa tumbo moja, alijinyima chakula hadi akafa, tukaamriwa tuseme malaria! Mimi mtu wa kuchekacheka, siku ile nilishikwa na hasira. Baba aliona afadhali mwanawe aitwe mwenye maringo kuliko kukiri kilichomo katika damu yake.

Tulirudi na kadi, tuipeleke tena Jumatatu. Jumapili, wote walipokwenda kanisani, nilichukua kalamu, nikalikata lile "hakuna", nikaandika: "Shangazi, mpaka kufa."